Shajara ya mradi: CD ya kuwashia DOS kwa mashine ya mizani

Jumatatu usiku

Mashine yenyewe kwanza. Pentium ya megahezi 233, ramu megabaiti 32, diski ngumu ya gigabaiti 2.1. Inakaa kwenye kibanda cha mizani ya malori, nje kidogo ya Tanga, na ina kazi moja tu. Lori linapanda jukwaa, kisanduku cha namba kinasoma uzito na kuutuma kwa waya wa siriali hadi kwenye kompyuta, kompyuta inatoa tiketi ya nakala tatu kwenye printa ya riboni. Lori linapimwa tupu, linapimwa tena likiwa na mawe ya chokaa, tofauti ndiyo pesa ya Mzee, mwenye mizani. Programu iliandikwa kwa Clipper, lugha ya programu ya enzi hizo, inakaa juu ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, na aliyeiandika hapatikani.

Ijumaa umeme ulikatika. Ulipoirudia ile mashine, kioo kikaandika "DISK BOOT FAILURE, INSERT SYSTEM DISK AND PRESS ENTER" na diski ikaanza kugonga kwa ndani, tak, tak, tak, kama mgeni anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Leo Mzee kanipigia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unazijua hizi kompyuta za zamani."

"Nazijua kidogo, Mzee."

"Kidogo hicho hicho kinatosha. Njoo kesho. Malori yamepanga foleni na binti anaandika tiketi kwa mkono."

Kuna watakaouliza kwa nini asinunue mpya. Kompyuta mpya haina hata tundu la siriali, programu ile haikai juu ya mfumo wa leo bila kubembelezwa, na Mzee hataki mtu aguse kisanduku cha mizani, maana hapo anaanza upya habari za kukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mizani inapima sawasawa. Kilichokufa ni kompyuta iliyo jirani yake.

Jumanne

Nimefungua kasha. Vumbi la chokaa likikutana na unyevu wa pwani linakuwa plasta. Feni ilikuwa imepigwa lipu. Betri ya saa, CR2032, imekufa siku nyingi, na ndiyo sababu walikuwa hawaizimi mashine miaka yote. Kila ikizimika inasahau tarehe, inasahau aina ya diski, inasahau hata ianze kusoma wapi. Nimeweka betri mpya, nikabonyeza Delete, nikaingia BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine. Diski ngumu mara inaonekana, mara haionekani.

Kisoma flopi hakisomi. Nimesafisha kichwa kwa spiriti, nimebadilisha kebo, hola. Na hata kingesoma, tungesoma nini? Mzee ametunza flopi za DOS 6.22 ya mwaka 1994 kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la chuma, amezifunga na raba. Nikavuta kile kifuniko cha bati cha flopi ya kwanza: madoa ya kijivu yameenea juu ya duara lote, ukungu mtupu, kama mkate uliosahaulika. Ukiiingiza hiyo unachafua na kichwa cha kisoma flopi kizima kitakachofuata. Nimezirudisha kwenye bahasha yake.

Kuwasha kwa USB, BIOS hii haikijui kitu hicho. Kadi ya mtandao haipo. Kimebaki kisoma CD cha kasi 24, na chenyewe kinafungua mlango na kuzungusha vizuri.

Basi mradi ni huu: CD moja inayoiwasha mashine kwa DOS, yenye zana za kugawa na kufomati diski, na ndani yake folda nzima ya mizani. Mashine ikilala tena, karani aweke CD, aandike amri moja, kazi iendelee. Mzee amelipenda hilo kuliko kitu kingine chochote nilichosema leo.

Badala ya diski ngumu nitaweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash (CF) ya gigabaiti 2 kwenye adapta. Kadi hizi zinaongea lugha ile ile ya diski ngumu, IDE, mashine haijui tofauti. Adapta inakula umeme kwenye plagi ndogo, ile ya flopi. Marehemu ameacha urithi.

Ningeweza kuiandaa kadi kwenye laptopu nikaja nayo imekamilika. Niliwahi, ikanila siku nzima. Kisoma kadi cha USB kinahesabu silinda, vichwa na sekta kwa hesabu yake, BIOS ya mwaka 1997 ina hesabu yake, na kadi inayowaka vizuri huku inakufa kimya kule. Siku hizi naigawa kadi kwenye mashine itakayoishi humo. Kwa hiyo bado nahitaji CD.

Jumanne, saa tano usiku

Kabla ya yote, data. Diski inayogonga haiwashwi mara mbili kwa kujaribu jaribu. Nimeitoa, nimeilaza kwenye adapta ya IDE kwenda USB, nimeiacha ddrescue, zana ya kunusuru data, ifanye kazi:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb mizani.img mizani.map`

Inaanza na sehemu nzuri, inaruka penye ubovu, halafu inarudi kuokoteza. Gigabaiti 2 zilizobaki na uhai zimepita kwa dakika chache. Vipande vya mwisho nimelala navyo.

Asubuhi: sekta chache zimeshindikana. Nimezifuatilia, zimeangukia faili mbili za NTX, yaani fahirisi. Afadhali hizo kuliko kitu kingine. Fahirisi inazalishwa upya kutoka kwenye DBF, faili za rekodi zenyewe, na programu ya Mzee ina kipengele chake cha kufanya hivyo kwenye menyu. DBF zenyewe zinafunguka. Folda yote ya mizani ina megabaiti 38. Tani zote zilizopita pale zinaingia kwenye CD moja na nafasi kubwa inabaki.

Jumatano

Leo sijachoma kitu. Nimekaa na karatasi kwa sababu nataka kukumbuka hasa CD inawashaje mashine. Mara ya mwisho nilifanya hii kazi kwa kufuata maelekezo kama kipofu, na ndiyo maana nimeisahau.

Jibu fupi: CD inadanganya. BIOS za zamani zilijua kuwaka kwa flopi na kwa diski ngumu, basi. Mwaka 1995 Phoenix na IBM wakatoa utaratibu ulioitwa El Torito. Inasemekana jina ni la mgahawa mmoja huko Irvine, California, ambako waliokuwa wakiubuni walikuwa wakila. Utaratibu unasema hivi: kwenye sekta ya 17 ya CD weka tangazo, tangazo linaonyesha ilipo katalogi, katalogi inaonyesha ilipo imeji ya flopi, flopi kamili iliyogeuzwa kuwa faili. BIOS ikiona hayo inaichukua ile imeji na kuwaambia wote wanaofuata: hii hapa ni A, herufi ya kisoma flopi. DOS inaamka, inaona iko kwenye flopi, inaridhika. Haijui kabisa kuwa iko kwenye CD.

Nimeandika hilo kwa herufi kubwa juu ya meza, DOS HAIJUI KUWA IKO KWENYE CD, kwa sababu nina hakika matatizo yote ya wiki hii yatatoka humo.

Tangazo lenyewe unaweza kuliona kwa macho. Sekta ya CD ina baiti 2048, mara 17 ni 34816:

`xxd -s 34816 -l 64 diski.iso`

Upande wa kulia unasoma CD001 na mbele yake kidogo EL TORITO SPECIFICATION, herufi wazi kabisa. Usipoyaona maneno hayo pale, hiyo CD haiwashi kitu, hata ukiisomea dua.

DOS ipi? Za Mzee zimeota ukungu, na za kuokota mitandaoni sizitaki kwenye kazi ya mtu mwenye risiti na mhasibu. Microsoft wamefungua msimbo wa matoleo ya zamani sana, na mwaka 2024 wakaongeza la 4.0, ila 6.22 haimo. Nachukua FreeDOS. Ilianzishwa mwaka 1994 na Jim Hall, wakati huo mwanafunzi wa chuo huko Wisconsin, baada ya kuona Microsoft wanaiweka DOS kando. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 2006, na mpaka leo watu wanaendelea nayo. Inaendesha programu za Clipper bila maneno mengi, na ni halali kuichoma na kuigawa.

Alhamisi

Siku ya makosa ya kijinga. Nayaandika yote ili nisiyarudie.

La kwanza si langu. Kijana ninayefanya naye kazi nilimwambia achome ISO ya FreeDOS, faili lenye CD nzima ndani yake, kwenye CD tupu kwa majaribio. Akaivuta faili akaidondosha ndani ya CD, akachoma. Tukawa na CD nzuri yenye faili moja, ISO imelala ndani kama chungu ndani ya chungu. Nimemwonyesha sekta ya 17: maneno EL TORITO hayapo. Ameelewa papo hapo, na kwa kweli hata mimi nilijifunza hivyo hivyo.

La pili langu. Nikataka imeji safi, nikaitengeneza mwenyewe:

`dd if=/dev/zero of=buti.img bs=1024 count=1400`

Genisoimage, programu ya kutengeneza ISO, ikakataa, ikasema imeji haina ukubwa unaoruhusiwa. Nimekodolea ule mstari robo saa. Flopi tunayoiita ya 1.44 ina baiti 1,474,560: pande 2, njia 80, sekta 18 kwa njia, baiti 512 kwa sekta. Ni 1440 mara 1024, na hiyo "1.44" ni nusu hesabu ya elfu na nusu hesabu ya 1024, haitoki sawa kwa hesabu yoyote iliyokamilika. Mimi nilikuwa nimeandika 1400. El Torito haina mjadala: 1.2, 1.44 au 2.88 kamili, ikipungua hata sekta moja unarudishwa.

La tatu ndilo lililonifundisha. Nilisahihisha ukubwa, nikaifomati imeji kwa mkfs.fat, nikaweka ndani KERNEL.SYS na COMMAND.COM kwa mcopy, nikaijaribu kwenye QEMU, kompyuta ya kuigizwa na programu. Kioo:

"This is not a bootable disk. Please insert a bootable floppy and press any key to try again ..."

Faili zote zipo, nimeziona kwa mdir. Nikaichungulia sekta ya kwanza kwa xxd. Mwisho wake kuna 55 AA, alama ambayo BIOS inaitafuta, kwa hiyo mlango ulifunguliwa. Lakini katikati ya sekta, herufi kwa herufi, limelala lile lile tangazo: This is not a bootable disk. Yaani nilikuwa na programu ndogo halali kabisa ambayo kazi yake yote ni kuniambia sina programu. Mkfs.fat ndiye aliyeiweka. Kunakili faili za DOS hakuifanyi flopi iwashe. Lazima ile sekta ya kwanza iandikwe na amri ya SYS ya DOS yenyewe, ijue kulitafuta KERNEL.SYS.

Nimeacha ubishi. Nimechukua imeji ya flopi ya kuwashia inayokuja na FreeDOS, nimefuta nisivyovihitaji kwa mdel, nimeongeza vyangu. Sekta ya kwanza sikuigusa.

Halafu amri ya kutengeneza ISO:

`genisoimage -o diski.iso -V MIZANI -b buti.img -c buti.cat -iso-level 1 cd/`

Nilianza kwa kuandika njia ndefu ya buti.img, ikanijibu "Uh oh, I cant find the boot image". Kumbe njia ya -b inahesabiwa kuanzia ndani ya folda ya cd, si pale uliposimama. Angalau huyu aliyeandika ujumbe alikuwa na ucheshi.

QEMU: `A:\>` imetokea, DOS iko tayari. Nimefunga duka.

Ijumaa

CD tupu. Zamani kila duka la vifaa vya ofisi lilikuwa na mnara wa CD hamsini. Leo nimezunguka maduka manne, wananiangalia kama ninatafuta kandili. Mwishoni jamaa mmoja anayepiga video za harusi kanitolea kumi kutoka chini ya meza, pamoja na CD-RW mbili.

Nikafanya ubahili: kwa nini nitumie CD-R wakati RW inafutika? Nikachoma kwenye RW, nikaenda nayo kibandani. Kisoma CD kikazungusha, kikapunguza, kikazungusha tena, taa ikawaka ikazima, na mashine ikapita moja kwa moja kulalamika haina diski. Visoma CD vingi vya zamani havioni RW. Inarudisha mwanga hafifu mno kuliko CD-R. Hilo nilikuwa nalijua. Kulijua na kulikumbuka ukiwa na CD ya bure mkononi ni mambo mawili.

Nikachoma CD-R kwa kasi ndogo ambayo kichomeo kinakubali, nikaisoma tena na kuilinganisha na ISO kwa cmp. Safari hii ikaanza kusoma, ikaandika inaanzisha kutoka CD, ikaganda.

Kwenye QEMU iliwaka vizuri. Sababu, baada ya saa mbili na soda mbili: usiku nilikuwa nimebadilisha imeji kuwa ya 2.88 ili nipate nafasi ya zana zaidi. QEMU inavumilia kila kitu. BIOS hii ya zamani, flopi ya 2.88 labda iliisikia tu. Nimerudi kwenye 1.44, nimetupa nusu ya zana, na imewaka pale pale. Funzo langu binafsi: QEMU inaniambia nimekosea, haiwezi kuniambia nimepatia.

Kuna njia nyingine, ya isolinux na memdisk, ambayo inaibeba imeji nzima kwenye ramu na unaweza hata kuiandikia. Nzuri sana. Ila hapa nataka vipande vichache iwezekanavyo, kwa sababu atakayeitumia ni karani, na mimi labda nitakuwa Korogwe.

Jumamosi

`A:\>` inapepesa kwenye kioo cha kweli. Karani amekuja kusimama nyuma yangu.

"Kaka, imepona?"

"Imefumbua macho tu, dada."

Naandika DIR R:, R ikiwa herufi niliyoipangia CD, ili nione folda ya mizani. Hakuna R. Hapo ndipo yale maneno ya mezani yalipolipa: DOS haijui kuwa iko kwenye CD. Inaona flopi ya megabaiti moja na nusu. Zile 38 nyingine ziko kwenye CD hiyo hiyo, sentimita chache kutoka ilipowaka, na haina habari nazo. Lazima ndani ya flopi ya uongo uweke draiva inayokijua kisoma CD, ili DOS igundue kwa mlango wa nyuma kitu inachokikalia.

Kwenye FDCONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo FreeDOS inalisoma ikiamka:

`DEVICE=A:\UDVD2.SYS /D:CDMIZANI`

Na kwenye FDAUTO.BAT, faili la amri zinazofuata:

`SHSUCDX /D:CDMIZANI,R`

Wa kwanza anakiamsha kisoma CD na kukipa jina, wa pili anamtafuta mwenye jina hilo na kumpa herufi R. Jina ni lolote la herufi zisizozidi nane, mradi lifanane pande zote mbili. Mimi upande mmoja niliandika CDMIZANI, upande wa pili CDMZANI. Kwenye kioo chenye vumbi, herufi I inapotea kama sindano. Kosa hilo limenila CD moja, kwa sababu CD-R haifutiki; kila nukta unayosahau ni CD nyingine kwenye pipa. Zimebaki sita.

R imetokea. Nikaandika `DIR R: | MORE`, ikagoma. Hili lilinifurahisha, maana nililikisia kabla halijaisha kuandikwa. DOS haina bomba la kweli: amri ya kwanza inamwaga kila kitu kwenye faili la muda, ya pili inalisoma. Faili la muda linataka kuandikwa A, na A ni CD. DOS inashangaa flopi imezuiwaje kuandikwa na nani. Tumia `DIR /P`.

La mwisho la leo: faili langu la amri nililiita rudisha_mizani.bat. Kwenye R limekuwa RUDISHA_.BAT, limekatwa mkia. DOS inasoma majina ya herufi nane na tatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba iso-level 1. Faili za Mzee hazina shida, zilizaliwa na majina mafupi. Langu sasa linaitwa RUDISHA.BAT na ndani lina mstari mmoja wa maana:

`XCOPY R:\MIZANI C:\MIZANI /E /I`

Jumapili

Kibanda kimefungwa, malori hakuna, nafasi nzuri.

Kadi ya CF ndani. BIOS imeitambua bila ubishi. FDISK, kizigeu (fungu la diski) kimoja cha FAT16 kadi nzima, nikakiweka kiwe hai (ukisahau hili mashine inakaa kama sanamu), nikawasha upya, FORMAT C:, SYS C:. Dakika tano. RUDISHA ikachukua muda wa kunywa chai, majina ya faili yakipita kioo kizima, halafu kimya. Kimya cha kweli. Kadi haina kinachozunguka. Nilikuwa nimezoea ile tak tak mpaka nikadhani imeganda.

Nikaitoa CD, nikawasha. `C:\>`.

Nikaifungua programu. Menyu ya bluu ikaja, maandishi ya njano, jina la biashara juu. Nikachagua kupima, ikadondoka:

"Open error: WATEJA.DBF (DOS Error 4)"

Namba 4 kwa DOS ni faili nyingi zimefunguliwa kupita kiasi. Clipper inafungua DBF na fahirisi zake zote kwa pamoja, inahitaji FILES, idadi ya faili zinazoruhusiwa kufunguka, ya kutosha kwenye CONFIG.SYS na SET CLIPPER kwenye AUTOEXEC.BAT. Nikaitazama CONFIG.SYS ya zamani niliyoirudisha: FILES=60, imo. AUTOEXEC.BAT: SET CLIPPER=F:60, imo. Nikaongeza mpaka 80. Error 4. Nikaongeza 120, sasa kwa hasira. Error 4.

Nikazima taa ya kibanda, nikatoka nje, nikakaa juu ya ukingo wa mizani.

Niliporudi nikaandika DIR C:\ na nikayaona yote mawili: CONFIG.SYS na FDCONFIG.SYS. FreeDOS ikiikuta FDCONFIG.SYS, CONFIG.SYS haiisomi kabisa. Na hiyo FDCONFIG niliileta mimi mwenyewe, niliinakili kutoka kwenye CD kwa "usalama", ikiwa na FILES=20 na mstari wa SHELL unaoipeleka kwenye FDAUTO.BAT. Kwa hiyo AUTOEXEC.BAT nayo ilikuwa haisomwi. Faili mbili za Mzee, zilizopangwa kwa uangalifu na mtu aliyejua kazi yake, nilizifunika kwa zangu mbili halafu nikazilaumu.

DEL FDCONFIG.SYS. DEL FDAUTO.BAT. Kwenye CONFIG.SYS nikabadilisha mstari wa HIMEM, draiva ya ramu, uelekee kwenye HIMEMX ya FreeDOS na SHELL iende COMMAND.COM mpya, mengine nikayaacha yalivyo. WATEJA.DBF ikafunguka. Nikazalisha fahirisi upya kwenye menyu, ikahesabu rekodi mpaka mwisho, haikukwama.

Jumatatu

Saa moja na nusu asubuhi. Lori la kwanza jukwaani, tupu. Jana nilikuwa na hofu ya waya wa siriali, ila ndani ya AUTOEXEC.BAT ya yule fundi asiyepatikana kuna mstari huu:

`MODE COM1:2400,E,7,1`

Kasi, pariti, biti saba, biti moja ya kusimama. Kama mstari huo ungekuwa bado haujasomwa, uzito ungekuja kama mapambo ya mkeka. Umekuja namba. Karani akaangalia kisanduku, akaangalia kioo, zikalingana. Akabonyeza, printa ikalia ule mlio wake wa kusaga, tiketi ikatoka nakala tatu, na tarehe ni ya leo. Kumbe tangu betri ife alikuwa akikata tarehe kwa kalamu na kuandika juu yake, kila tiketi, nakala zote tatu.

"Na hii kalamu sasa?" akauliza.

Nimechoma CD mbili za kukabidhi zenye DBF za jana, nimeandika juu kwa kalamu ya CD MIZANI – KUWASHA NA KURUDISHA, moja kwenye kabati la chuma kando ya bahasha ya ukungu, moja nyumbani kwa Mzee. Folda ya mizani itachomwa upya kila mwisho wa mwezi. Hilo nimemwachia kijana wangu, na sasa anajua tofauti ya kuchoma ISO na kuitupia ndani. Akiba ya siri imewekwa pia: imeji nzima ya ile diski iliyogonga, kwenye laptopu yangu, mpaka Mzee aseme niifute.

Karani ameomba maelekezo kwenye karatasi. Yako ukutani, mistari mitatu: weka CD, washa, ikitokea A:\> andika R:\RUDISHA. Akasoma, akaongeza wa nne kwa mwandiko wake: ukimaliza TOA CD.

Mzee alipita saa nne, akatazama mashine bila kusema, akaelekeza fimbo kwenye tundu la flopi lililobaki wazi mbele ya kasha.

"Na hapo?"

"Hapo hapana kitu tena, Mzee. Nitapaziba, vumbi lisiingie."

Nimepaziba kwa selotepu ya kaki. CD tupu zilizobaki ni tatu.